Kupanda ndege bila kukwama: maandalizi kuanzia nyumbani hadi kufunga mkanda

Ndege nyingi tunazopanda Afrika Mashariki zina kijia kimoja tu katikati ya viti. Kijia hicho hupitisha mtu mmoja kwa wakati mmoja. Akisimama abiria wa safu ya nne kutafuta miwani ndani ya begi, wote walio nyuma yake wamesimama: wa mlangoni, wa kwenye ngazi, na wale waliobaki ndani ya basi la uwanjani juani. Hakuna wa kumpita. Hapo ndipo dakika nyingi za kupanda ndege hupotea, na hupotezwa na sisi abiria wenyewe.

Kwa hiyo hatua zote ninazozieleza hapa zina lengo moja: ukiingia kwenye kijia hicho usiwe na kazi nyingine isipokuwa kuweka begi na kukaa. Mengine yote yafanywe kabla, baadhi nyumbani na baadhi ukiwa umekaa getini. Nimeandika nikiwafikiria hasa wanaoondokea Dar es Salaam, Zanzibar, Mwanza, Nairobi na Mombasa, iwe kwa safari fupi za ndani au kwa zile za usiku za kwenda Doha, Dubai, Muscat na Jeddah.

Hatua ya kwanza: soma saa ya tiketi kwa makini

Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, nasi tunahesabu kuanzia macheo na machweo. 07:00 ni saa moja asubuhi, 13:30 ni saa saba na nusu mchana, 19:00 ni saa moja usiku. Chukua kalamu, uandike pembeni ya tiketi saa hiyo kama unavyoitamka nyumbani, kisha mpe mtu mwingine asome na kuhakikisha.

Mtego mkubwa zaidi ni wa ndege zinazoondoka baada ya saa sita usiku, na safari nyingi za Ghuba ni za saa hizo. Tiketi ikisema tarehe 15, saa 00:50, maana yake ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Unatakiwa uwe uwanjani jioni ya tarehe 14. Anayekwenda jioni ya tarehe 15 atakuta ndege yake imeshaondoka tangu jana usiku, na tiketi ya namna hiyo mara nyingi huwa imepotea au inahitaji kulipiwa upya. Usimwambie dereva au mjomba anayekupeleka "safari ni tarehe 15 usiku." Mwambie siku na saa ya kutoka nyumbani: "Njoo Jumatatu, saa mbili usiku."

Saa zote za kwenye tiketi ni za mahali ndege ilipo. Doha na Jeddah wanatumia saa sawa na Dar es Salaam na Nairobi. Dubai na Muscat wako mbele kwa saa moja. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi wako nyuma kwa saa moja. Kwa anayebadilisha ndege Dubai huku saa ya mkononi bado inasoma ya nyumbani, saa hiyo moja inatosha kufungiwa geti. Rekebisha saa ya mkononi mara tu ndege inapotua.

Mwisho, tofautisha saa ya kupanda na saa ya kuondoka. Bodingi pasi, ile kadi ya kuingilia ndege, huonyesha zote mbili au angalau ile ya kupanda. Saa ya kuondoka ni ya ndege kuanza kusogea, wala si ya wewe kufika getini. Mashirika mengi hufunga geti dakika 15 hadi 20 kabla ya kuondoka, na kaunta ya mizigo kwa safari za nje hufungwa kama saa nzima kabla. Ukiwa mkahawani, igandamize akilini saa ya kupanda, ile nyingine isahau.

Hatua ya pili: majina, karatasi na kiti

Jina kwenye tiketi lifanane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Wakala asiandike kwa kusikia. Mtumie picha ya ukurasa wa pasipoti. Wengi wetu tuna majina matatu, na likiandikwa la babu badala ya la baba, au likikosekana moja, mazungumzo ya kaunta hurefuka wakati nyuma yako kuna foleni. Kosa la herufi moja hurekebishwa kwa simu likigunduliwa wiki moja kabla. Likigunduliwa kaunta, saa mbili kabla ya safari, ni shida nyingine kabisa.

Viza ya mtandaoni ichapishe, kwa sababu simu huzimika. Kadi ya homa ya manjano ikae ndani ya pasipoti muda wote. Mjamzito aulize mapema, maana kuanzia karibu wiki ya 28 mashirika mengi hutaka barua ya daktari, na anaweza kuulizwa hata akiwa mlangoni pa ndege. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebewe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwingine. Kwa safari za ndani, kitambulisho chenye picha.

Ukiweza, fanya chekini mtandaoni, yaani thibitisha safari yako kabla ya kufika uwanjani. Mashirika mengi hufungua huduma hiyo saa 24 hadi 48 kabla ya safari, na faida yake kubwa ni kuchagua kiti. Anayelala safari nzima achague dirishani, hataamshwa kila jirani anapotaka kupita. Anayekwenda msalani mara kwa mara achague kando ya kijia.

Kama unabadilisha ndege njiani, hakikisha ukiwa bado kaunta ya kwanza kwamba umepewa bodingi pasi zote mbili na kwamba lebo ya sanduku imeandikwa hadi mji wa mwisho. Isome mwenyewe kabla sanduku halijaondoka kwenye mizani.

Hakikisha pia unakwenda jengo sahihi. Uwanja wa Julius Nyerere una Jengo la Tatu, lililofunguliwa 2019 kwa safari za kimataifa, na Jengo la Pili linalotumika kwa safari za ndani. Jomo Kenyatta pale Nairobi lina majengo kadhaa yaliyogawanywa kwa herufi. Dereva ambaye hajaambiwa jengo atakushusha popote.

Hatua ya tatu: gawa mzigo wa mkononi mara mbili

Kama utafuata jambo moja tu katika mwongozo huu, liwe hili.

Beba vitu viwili: begi la kuwekwa kwenye kabati la juu, na mkoba mdogo wa kukaa miguuni, chini ya kiti cha mbele yako. Kila utakachohitaji kati ya kukaa na kutua kiwe ndani ya mkoba: pasipoti, dawa, miwani, simu, pawabenki, kalamu, maji uliyonunua ndani, kitana, sweta jepesi, nepi za mtoto. Begi la juu likishawekwa lisiguswe tena hadi mtakapotua. Anayechanganya vyote kwenye begi moja ndiye anayesimama kijiani kulifungua, kutoa chaja, kulifunga, kulipandisha, kisha kukumbuka dawa na kuliteremsha tena.

Pima begi nyumbani. Kama huna mizani, muuza duka wa mtaani anayo. Emirates, Qatar Airways na Ethiopian hukubali kilo 7 za mkononi kwa daraja la kawaida, Turkish kilo 8, Kenya Airways kilo 12. Angalia tiketi yako, kwa sababu viwango hubadilika na aina ya nauli nayo ina neno lake. Zingatia na ukubwa, si uzito tu. Kwenye ndege za mapangaboi kama ATR na Dash 8, zinazotumika kwenda mikoani, makabati ya juu ni madogo na begi la magurudumu linaloenea vizuri kwenye ndege kubwa halitaingia. Huko begi laini la kitambaa linakusaidia zaidi, kwa sababu linakubali kubonyezwa.

Wanaopanda zile ndege ndogo za Cessna Caravan kwenda mbugani au visiwani wajue kwamba kiwango cha kawaida ni kilo 15 kwa mizigo yote, tena kwenye begi laini. Wasishangae kuona rubani ndiye anayepanga nani akae wapi. Anasawazisha uzito.

Sasa vimiminika. Kwa safari za kimataifa, kila chombo kisizidi mililita 100, na vyombo vyote viingie kwenye mfuko mmoja angavu wa lita moja. Kanuni hii imekuwapo tangu 2006, baada ya polisi wa Uingereza kufichua njama ya kulipua ndege kwa milipuko ya majimaji. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chupa, si kilichobaki ndani yake: chupa ya mililita 200 iliyobaki robo itachukuliwa. Na kimiminika kwa mkaguzi ni pana kuliko maji na soda. Asali, samli, achari, mafuta ya nazi, siagi ya karanga, losheni na pafyumu vyote vimo. Mama akikufungia kopo la achari ya embe umpelekee dada Muscat, liende kwenye sanduku kubwa, limefungwa barabara na kuviringishiwa nguo. Zamzam nayo haibebwi mkononi; kwa mahujaji hufungashwa kwa utaratibu wake maalumu kwenye katoni za lita tano.

Pawabenki ni kinyume chake: haitakiwi kamwe kuwa kwenye sanduku la kaunta, lazima uwe nayo mkononi. Kiwango kinachokubalika bila ruhusa ya shirika ni hadi saa-wati (Wh) 100. Ukitaka kujua ya kwako, chukua mAh zilizoandikwa, zidisha kwa 3.7, gawa kwa 1,000. Ya 20,000 ni saa-wati 74, iko salama. Ya 30,000 ni 111, hiyo inahitaji idhini. Betri hizi zikipata hitilafu huwaka, na moto ulioanzia juu ya vichwa huchelewa kuonekana. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua uwanjani nchini Korea Kusini kabla ya kuruka, moto ukiwa umeanzia kwenye kabati la mizigo, na wachunguzi wakaielekezea kidole pawabenki. Abiria wote walitoka hai. Tangu Oktoba 2025 Emirates inaruhusu kubeba moja tu na inakataza kuitumia ndani ya ndege. Iweke kwenye mkoba wa miguuni, ambako utaisikia ikipata joto.

Vitu ulivyofunga kwenye rambo vihamishie kwenye mfuko wa kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, na hata bila marufuku, rambo tatu mkononi huhesabiwa kuwa mizigo mitatu.

Hatua ya nne: pita ukaguzi bila kurudishwa

Kwenye viwanja vyetu vingi utakaguliwa mara mbili, mlangoni mwa jengo na tena kabla ya kuingia eneo la kusubiria ndege. Vaa ukijua hilo. Viatu vya kuvulika kwa urahisi, mkanda usio na chuma kikubwa, vito vichache. Ukiwa bado kwenye foleni, vua saa, bangili na mkanda, toa sarafu, funguo na simu, uvitie vyote kwenye mfuko mmoja wa begi na kuufunga zipu. Kuvitawanya kwenye trei ndiko kunakosahaulisha watu simu. Laptopu na mfuko wa vimiminika vikae juu kabisa ili vitolewe kwa mkono mmoja.

Mwanamke aliyevaa hijabu au nikabu ana haki ya kukaguliwa na ofisa wa kike, tena faraghani. Omba kwa upole na mapema, kabla hujafika kwenye mashine: "Samahani kaka, naomba nikaguliwe na dada." Neno bomu usilitamke hata kwa mzaha, maofisa hawana ruhusa ya kulichukulia kama mzaha, na safari yako inaweza kuishia hapo.

Ukishapita, usijipange palepale mwisho wa mkanda wa mashine. Beba vyako hadi kwenye benchi, ndipo uvae.

Hatua ya tano: dakika ishirini za getini

Geti hubadilishwa. Angalia ubao wa matangazo kila baada ya muda, usitegemee tangazo la sauti peke yake, na vipokea sauti vitoe masikioni saa ya kupanda ikikaribia.

Dakika ishirini kabla ya kupanda, nenda msalani. Msala wa getini ni mpana. Wa ndege ni finyu, na anayeutafuta wakati watu wanaingia analazimika kwenda kinyume na msafara. Kisha kaa na ufanye ukaguzi wako mwenyewe. Mkoba una kila kitu? Begi la juu limefungwa, kamba hazining'inii? Sweta limevaliwa au limetiwa ndani? Fungua pasipoti kwenye ukurasa wa picha, ingiza bodingi pasi hapohapo. Kama iko kwenye simu, ongeza mwanga wa kioo na uhifadhi picha yake, usitegemee mtandao wa uwanja. Ikariri namba ya kiti: safu ya ngapi, herufi gani. Watu wengi husimama mlangoni mwa ndege wakipekua mifuko kutafuta karatasi waliyoonyesha dakika mbili zilizopita.

Hatua ya sita: jua wakati wa kusimama

Karibu kila safari, tangazo la kwanza likisikika nusu ya abiria husimama. Viti vyenu vina namba, na ndege haiondoki bila wewe uliye getini. Kinachogombaniwa kweli ni nafasi ya begi kwenye kabati la juu. Basi amua kwa hilo. Kama una mkoba wa miguuni tu, kaa hadi foleni ipungue, hupotezi kitu. Kama una begi la kupandisha juu na ndege imejaa, simama kundi lako linapoitwa, usingoje mwisho.

Jambo hili limefanyiwa uchunguzi. Mwanafizikia wa anga wa Marekani, Jason Steffen, alichapisha mwaka 2008 hesabu zake za namna ya kuingiza abiria haraka, na baadaye yeye na mtayarishaji wa televisheni, Jon Hotchkiss, wakazijaribu kwa watu 72 ndani ya mfano wa ndege. Kuwaita abiria kwa mafungu ya safu kuanzia nyuma, utaratibu tunaoudhani wa busara, kulichukua karibu dakika saba. Kuwaacha waingie ovyo kulikuwa haraka zaidi. Njia yake mwenyewe, inayowatanguliza wa dirishani kwa kuruka safu moja moja, ilichukua dakika tatu na nusu hivi. Sababu iko wazi ukiitafakari: watu wa safu zinazofuatana wakiingia pamoja, mmoja tu ndiye anayeweza kuinua begi kwa wakati mmoja, wengine wanamtazama. Wakiwa wameachiana nafasi, wanaweka mizigo yao wote kwa mpigo. Shirika la ndege la United la Marekani lilirudi kwenye utaratibu wa dirishani kwanza, katikati pili, kijiani mwisho, mwezi Oktoba 2023.

Huku kwetu huwezi kulilazimisha shirika, lakini unaweza kuufuata utaratibu huo ndani ya familia yako. Wa dirishani atangulie, wa kijiani awe wa mwisho. Mkifika safu yenu hamtahitaji kukaa na kusimama tena ili kupishana.

Wazee, watoto na wasioweza kutembea mbali

Hawa huitwa mwanzo kabisa, na wana haki ya kuitikia. Mama mzee anayekwenda Umra asisimamishwe kwenye foleni kwa sababu tu hakuna aliyemwombea kiti cha magurudumu. Omba huduma hiyo wakati wa kukata tiketi, au angalau saa 48 kabla, na useme bayana hali yake: anaweza kupanda ngazi lakini hawezi kutembea mbali, hawezi ngazi kabisa, au hawezi hata kufika kwenye kiti bila kubebwa. Kila hali ina maandalizi yake, na kwenye ndege zinazopandwa kwa ngazi za nje tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ataletewa kifaa cha kumpandisha. Mweleze pia kwamba wakati wa kushuka atakuwa wa mwisho, asihangaike akiona wengine wanatoka. Kama anasafiri peke yake na haelewi Kiingereza wala Kiarabu, mwandikie karatasi yenye jina lake, namba ya ndege zote mbili na simu ya atakayempokea, aining'inize shingoni pamoja na pasipoti.

Mwenye mtoto mchanga ambebe kwa mbeleko au kanga ili mikono miwili iwe huru. Kigari cha mtoto hukunjwa na kukabidhiwa mlangoni mwa ndege. Kifunge lebo mapema. Watoto wakubwa kidogo wapewe kazi: mmoja ataje namba ya safu, mwingine atafute herufi. Kama mko wazazi wawili, mmoja anaweza kutangulia na mabegi huku mwingine akibaki getini na mtoto anayehitaji kukimbia, hadi karibu na mwisho.

Hatua ya saba: kutoka getini hadi mlangoni

Kwenye viwanja vya Dodoma, Songwe, Bukoba na vingine vingi abiria hutembea kwa miguu hadi kwenye ndege. Fuata mistari iliyochorwa na mhudumu aliye mbele. Usipite chini ya bawa wala karibu na pangaboi hata kama limesimama, na shikilia kofia, mtandio au kanga, kwa sababu ndege ya jirani ikiwasha injini upepo wake una nguvu. Picha zisubiri.

Tazama mlango upi ni wako. ATR, ndege zinazotumiwa na Precision Air, abiria huingilia mlango wa nyuma, kwa sababu mbele kuna chumba cha mizigo. Kwa hiyo safu ya kwanza ndiyo ya mbali kuliko zote, na wenye namba ndogo wakitangulia kijia hakizibwi. Kwenye ndege za jeti zilizowekewa ngazi mbele na nyuma, mwenye kiti cha nyuma akiingilia mbele atalazimika kuwapita wote walioinua mabegi. Uliza chini, kabla ya kukanyaga ngazi.

Kwenye ndege ndogo mhudumu anaweza kuomba begi lako liende chini na mizigo mikubwa. Kubali, lakini simama pembeni kwanza utoe pawabenki, betri za akiba, dawa, pesa na hati. Kama ulifunga mizigo kwa namna niliyoeleza, vyote hivyo viko tayari kwenye mkoba, na hili linakuchukua sekunde moja. Uliza pia utalichukulia wapi: mlangoni mwa ndege au kwenye mkanda wa mizigo.

Hatua ya nane: kijiani

Kabla ya kuvuka mlango, vua begi la mgongoni ulishike kwa mbele, chini ya kiuno. Likibaki mgongoni linawagonga usoni waliokwisha kukaa kila unapogeuka. Msalimie mhudumu, tembea ukihesabu safu.

Ukifika safu yako, ingia kwanza ndani ya nafasi ya viti. Waache walio nyuma yako wapite, hasa wale wasio na mzigo, kisha toka na uinue begi. Watu wachache sana hufanya hivi, na hakuna kinachofungua msongamano kwa haraka zaidi. Begi la magurudumu litangulize magurudumu au mpini kwa urefu, lisilale kwa ubavu kuziba nafasi ya begi la jirani. Koti na mkoba visiende juu. Usiliache begi safu ya tano huku ukikaa ya ishirini. Mwenye safu ya tano atakosa pa kuweka lake na ataanza kurudi nyuma dhidi ya watu. Kabati la kwako likiwa limejaa, usitangetange, kaa na begi mapajani umwite mhudumu. Kama begi ni zito kuliko nguvu zako, omba msaada kwa aliye karibu. Vijana wengi husaidia wakiombwa vizuri, na wengi hawajitolei kwa kuogopa kugusa mali ya mtu.

Umekaa kando ya kijia na wa dirishani hajafika? Usifunge mkanda bado. Akija, toka kabisa usimame upande wa nyuma ya safu, aingie mara moja. Kujibana na kumrusha mtu magoti huchukua muda mrefu zaidi na humkosea heshima, hasa akiwa mama mtu mzima. Walio kwenye safu ya mlango wa dharura hawaruhusiwi kuweka mkoba miguuni. Kwao hata mkoba huenda juu, basi watoe mapema dawa na miwani.

Ukimkuta mtu kwenye kiti chako, yaelekea amesoma vibaya herufi. "Shikamoo mzee, samahani, naomba tuangalie namba za viti." Onyesha yako, aangalie yake, na kama bado mna mgogoro mhudumu aitwe huku wewe ukiwa umeingia safu iliyo tupu, si katikati ya njia. Anayetaka kubadilishana viti ili akae na mtoto au mgonjwa wake angoje watu wote waingie, kisha aombe, akitoa kiti kilicho sawa au bora kuliko anachokitaka. Aliyelipia kiti ana haki ya kukataa, asinung'unikiwe.

Pasipoti irudishe kwenye mkoba, isiachwe kwenye mfuko wa kiti cha mbele. Sukuma mkoba wote chini ya kiti, simu iweke kwenye hali ya ndege, inua kiti, funga kimeza, kaza mkanda.